Mabakuli ya Kumuaga Otha

Ulikuwa mwaka 1981. La, 1983, maana mwaka 1981 gari la Otha Pettigrew bado lilikuwa na breki. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake Rosalind alitaka baba aende kuishi naye Milwaukee, mbali kaskazini. Otha akakubali. Akasimama kanisani pale Memphis, mji wao wa kando ya mto, akaaga kwa hotuba ndefu: joto la hapa linapika watu wazima, mbu wa mto huu wana meno, na yeye si mjinga wa kuzeekea humo. Watu wakaitikia amina, wengine upesi kuliko alivyotarajia.

Kesho yake vyakula vikaanza kuingia. Memphis ndivyo ilivyo. Ukifiwa, ukizaa au ukihama, unaletewa bakuli lenye jina la mwenyewe chini yake. Ukilirudisha tupu, ni afadhali ukahame kweli. Mambo hayo alikuwa akiyashughulikia marehemu mkewe. Sasa Otha alibaki na meza imejaa vyombo vya watu, na basi lake la kwenda Milwaukee ni Ijumaa.

Akajitia kupika maharagwe, akampelekea Verlene, jirani wa ng'ambo ya barabara, ndani ya bakuli lake mwenyewe.

"Kaka Otha, haya ni maharagwe au makaa?"

"Ndivyo wanavyopika Milwaukee."

"Maskini Rosalind! Haya, kaa."

Akakaa barazani. Akapewa chai ya barafu, tamu ya kung'oa jino, na yeye meno ya kung'olewa alikuwa amebakiwa na machache. Upepo ukapanda kutoka mtoni, tishari la mizigo likapiga honi, na Otha akaulaumu mto moyoni kwa kujipendekeza siku ile makusudi. Alipoinuka, Verlene akambebesha bakuli jingine, la kambare wa kukaanga, kubwa kuliko la kwanza.

Nyumba zote zikawa hivyohivyo. Ijumaa ikapita, Otha akampigia simu bintiye.

"Mwanangu, nina vyombo vya watu."

"Vyombo, baba? Si uviache tu mlangoni?"

"Nionekane mwizi wa mabakuli, mimi?"

Rosalind akacheka hadi akakohoa. "Basi utakuja ukimaliza."

Hakumaliza. Nguo zikatoka sandukuni moja moja, kila moja kwa kisingizio chake, na kanisani akarudi kukaa palepale kama mtu ambaye hakuwahi kuhutubia. Ila swali moja lilimkera. Alimuuliza Verlene, naye Verlene akamsogezea mkate wa mahindi. Akawauliza na wengine, kila mmoja akamjazia sahani; swali ni lilelile: mlipokuwa mnaniletea yale mabakuli, mlitaka niende, au nibaki?