Siku Mabawa Alipojificha

Kwa miezi mitano mkewe ndiye aliyemvisha shati. Aliuingiza mkono wa kushoto kwanza, taratibu, naye mume akauma meno.

"Baba watoto, waambie kazini bega limekufa."

"Halafu? Nishinde hapa nikutazame ukipika?"

"Mbona ukila unanitazama sana!"

Mume hakucheka. Kazi nyingine hakuijua.

Kwenye uwanja wa ndege walimwita Mabawa. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mbele ya ndege kubwa zilizokwisha kutua, akaziongoza kwa vibao viwili vyekundu hadi mahali pa kuegesha. Rubani haoni vizuri ncha za mabawa. Humtegemea mtu wa chini. Vibao vikipunga, njoo. Vikipishana juu ya kichwa, simama. Cha kushoto hakikufika juu tena. Mabawa aliinamisha kichwa ili vipishane, akajidanganya kwamba yatosha. Huo haukuwa uvumilivu. Ulikuwa uongo, na waliobebeshwa ni abiria wasioulizwa.

Asubuhi hiyo ndege ilikuja polepole, ikinguruma. Ilipokaribia, ndipo alipoliona gari la ngazi: mkia wake umevuka mstari mwekundu wa usalama, na bawa la ndege linaufuata.

Akainamisha kichwa, akanyanyua vibao. Cha kushoto kiligoma kifuani, kikatikisika. Rubani akaona kibao kinatikisika, akaelewa njoo. Ndege ikaja. Mabawa akausukuma mkono kwa mkono mwenzake, macho yakaingia giza.

"Simama! Mungu wangu, simama!"

Nani asikie sauti ya mtu kwenye ngurumo ile?

Ndipo likamjia somo la siku ya kwanza kazini: rubani asipomwona mwongozaji, husimama papo hapo. Akavitupa vibao, akatimka, akajibwaga nyuma ya trekta la mizigo.

Magurudumu yalilia. Ndege ikainamisha pua, ikatulia. Kati ya bawa na ngazi palibaki nafasi ya kupitisha mkono tu.

Msimamizi alikuja mbio. "Mzee, unakimbia ndege? Umerukwa na akili?"

"Bosi, niambie ninyanyue mikono."

"Ya nini tena?"

"Wewe niambie tu."

"Haya, nyanyua."

Wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulibaki kifuani, mbele ya wafanyakazi wote.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

Msimamizi aliinama, akaviokota vibao. Hakumrudishia.