Makuti ya Nyumba Isiyoungua

Vita vilipokwisha hofu yangu haikwisha pamoja navyo. Nilikuwa nikifanya kazi katika ghala la mafuta upande wa Changamwe, kazi ya kupokea mapipa na kuyapanga. Wakati wa vita mapipa yalikuja kwa wingi na watu tukaandikwa wengi. Sasa mapipa yalipungua, na kila siku ya mwisho wa mwezi msimamizi aliwaita baadhi yetu pembeni. Aliyeitwa pembeni alirudi kuchukua koti lake, akatuaga bila kututazama.

Nilikuwa na fedha kidogo katika akiba ya posta. Fedha hiyo ilikuwa na kazi moja tu, kutulisha mimi na mke wangu na watoto mpaka nipate kibarua kingine, siku nitakapoitwa. Nilikuwa nimeikusanya kwa kuacha mambo madogo madogo: sigara, chai ya hotelini, nauli ya kwenda kisiwani Mombasa pale ambapo miguu ingetosha. Mke wangu hakupinga, ila alinicheka. Aliwaambia ndugu zake wa Rabai, "Huyu akiona sufuria inatoa mvuke, huuliza mvuke huo unakwenda wapi."

Nyumba yetu ilikuwa Mikindani, ya tatu katika safu ya nyumba saba zilizojengwa kwenye shamba la minazi. Nyumba zilikuwa zetu, ardhi haikuwa yetu. Kila mwezi tulimlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja, naye alituruhusu kujenga kwa miti, udongo na makuti. Mabati hakuyataka, kwa sababu anayeezeka mabati anaonekana ana nia ya kukaa daima. Kwa hiyo, ukiondoa ile akiba ya posta, kila tulichokuwa nacho kilikuwa chini ya makuti makavu, pamoja na chumba kimoja cha uani tulichompangisha mtu wa bandarini.

Anayeshinda kutwa kando ya mafuta hujifunza kuuona moto kabla haujawaka. Kazini viberiti viliachwa langoni, na ndoo za mchanga zilipangwa kila baada ya hatua chache. Nikirudi nyumbani namkuta mama wa nyumba ya kwanza, mjane aliyekaanga samaki wa kuwauzia watu wa reli, amewasha kuni chini ya kibanda cha makuti, mafuta yanatokota, na upepo wa kaskazi unavuma kutoka kwake kuja kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuliangalia karai langu?"

"Naliangalia, mama."

"Liangalie vizuri basi, lisije likakimbia."

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti makuukuu yaliyofungiwa vipuri pale ghalani na kamusi iliyong'oka jalada. Katika gazeti moja nilisoma habari za bima ya moto: unalipa kidogo kila mwaka, na nyumba ikiungua kampuni inakulipa nyingine. Niliirudia habari hiyo mara nyingi, nikitafuta mahali penye hila. Sikupaona. Siku moja ya mapumziko nikavaa koti langu, nikavuka tuta la Makupa kwa miguu mpaka ofisi moja ya bima mjini. Karani alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa safi.

"Kuta za nini, bwana?"

"Miti na udongo."

"Paa?"

"Makuti."

Aliiweka kalamu chini. "Makuti hatuandiki. Tukiandika makuti ya bara yote ya Mombasa, kampuni haitafika mwakani."

"Kwa hiyo mnamwandikia yule ambaye nyumba yake haiungui?"

Alicheka, si kwa dharau. "Ndiyo biashara yenyewe, bwana. Lakini wewe mwenyewe naweza kukuandika. Wewe si wa makuti."

Akanieleza bima ya maisha. Nilimwuliza, je, nikikosa kulipa miezi kadhaa, fedha niliyokwisha lipa inakwenda wapi? Alinijibu kwa ukweli kwamba katika miaka ya mwanzo inapotea. Nilimshukuru nikaondoka. Sikuwa na shaka na ubora wa kitu chenyewe. Lakini mtu asiyejua kama atakuwa na mshahara mwisho wa mwezi hawezi kujifunga kwa malipo ambayo yakikatika huondoka na yote yaliyotangulia.

Njiani kurudi nilifikiri jambo jingine. Kampuni haikuwa na siri yoyote. Ilikuwa kundi la watu wengi wanaobeba hasara ya mmoja. Safu yetu ilikuwa na watu. Nikawaita wenzangu jioni nikawaeleza: nyumba moja ikiungua, kila nyumba nyingine imletee mwenyewe sehemu sawa ya makuti ya kuezekea. Nilisema makuti, si fedha, kwa sababu fedha ya watu wengi inahitaji mtu wa kuishika, na anayeishika huanza kuonekana mwizi hata kabla hajaiba. Wote walikubali. Jirani yangu wa nyumba ya nne, fundi wa reli aliyetoka bara, ndiye aliyekubali kwa sauti kubwa zaidi.

"Hii ni akili," alisema. "Kwetu tungefanya hivyohivyo, ila kwetu hatukaangi samaki mlangoni pa watu."

"Kwenu samaki mnawajua?" mama alimwuliza. Watu wakacheka, na mapatano yakawa yamefungwa.

Moto ulitokea mwishoni mwa kaskazi, Jumamosi mchana. Nilikuwa nimetoka kazini, sijavua hata viatu. Nilisikia kelele, nikatoka, nikaona kibanda cha mama kimekwisha shika na ulimi wa moto unalamba paa la nyumba yake. Yeye alikuwa nje, mzima, amelishika karai tupu. Tulipofika na maji, moto ulikuwa umeruka kwenye nyumba ya pili, ya kijana mmoja na mkewe. Maji ya mtungi hayafiki juu ya paa. Upepo ulikuwa ukizichukua cheche kuja kwangu, na baada ya kwangu zilikuwapo nyumba nne nyingine, na watoto wa watu.

Nilijua la kufanya, kwa sababu ghalani tulifundishwa: moto ukikushinda, ondoa kinachofuata mbele yake. Kilichofuata kilikuwa paa langu. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amekwisha watoa watoto na anatoa godoro. Aliniambia, "Wanangoja neno lako."

Nikasema, "Vuteni."

Fundi wa reli alikuwa wa kwanza kutupa mti wenye kulabu juu ya paa langu. Walivuta kwa nguvu zote, makuti yakashuka kwa mafungu, fito zikavunjika, na wanawake wakayaburura mbali. Moto ulipoimaliza nyumba ya pili ulikuta kuta za udongo zisizo na kitu juu. Ulihangaika hapo kidogo, ukafa. Makuti yaliyovutwa yalikuwa vipandevipande, yamekanyagwa na kumwagiwa maji. Hayakufaa tena kuezekea.

Yule kijana wa nyumba ya pili alikusanya alivyookoa akarudi kwao na mkewe. Mama wa samaki aliletewa makuti yake ndani ya juma lile, kama tulivyopatana. Mimi sikuletewa. Tulilala chini ya turubai la kuazima. Mpangaji wetu alituaga kwa adabu akatafuta chumba kwingine, na kodi yake ikaondoka naye. Kila asubuhi nilitazama upande wa kusini kama mawingu ya masika yameanza kupanda. Kazini msimamizi alianza kupita kati ya mapipa na mikono nyuma, akitutazama mmoja mmoja.

Jumapili, baada ya ibada, tulikutana uani kwa mama. Niliuliza kwa upole kuhusu makuti yangu. Fundi wa reli alijibu kabla ya wengine.

"Ndugu, tulipatana nyumba ikiungua. Ya mama imeungua, tumempa. Yako, nani aliona moshi ukitoka?"

"Hata kuku wake hawakukohoa," mwingine alisema nyuma, na wachache wakacheka.

"Hawakukohoa kwa sababu mliwaangushia paa," alisema mke wangu. "Wawili tumewala."

"Basi mmefaidi nyama," alijibu yule wa nyuma.

Mama wa samaki aliweka kijiko chake chini. "Mimi niliyewasha moto nimepewa paa. Huyu aliyetoa paa lake anapewa mzaha. Nyinyi ni mahakimu wa wapi?"

"Mama, wewe nyamaza," fundi alisema. "Karai lako ndilo lililotuleta hapa."

"Ndiyo maana nasema. Ningekuwa sina karai ningenyamaza kama hao."

Fundi alikuwa amesema kweli. Tulipopatana nilitaja nyumba iliyoungua. Nilikuwa nimewaza mambo mengi, hata ukubwa wa kuti, lakini sikuwaza nyumba inayovunjwa ili nyingine zipone. Hasira isingenisaidia. Nikawaambia hivi:

"Kaskazi itarudi mwakani, na samaki watakaangwa. Siku hiyo mtataka kuvuta paa la nani? Nikibaki mimi bila paa mwaka huu, kila mmoja wenu atasimama mlangoni kwake na panga, na hakuna atakayeligusa paa lake. Mtaungua nyote kwa mfuatano, kutoka kwa mama mpaka barabarani. Mimi nitakuwa nimekwisha hama."

Mzee wa nyumba ya saba alisema polepole kwamba sehemu yake ataileta. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mmoja, bila furaha. Akabaki fundi wa reli, anatazama mikono yake.

"Waambie," mkewe alisema.

"Niwaambie nini?"

"Waambie, ama nitawaambia mimi."

Mkewe ndiye aliyetwambia kwamba reli ilikuwa imempunguza kazini tangu kabla ya moto. Kila asubuhi alitoka na mkebe wake wa chakula kama kawaida, akaenda kukaa karibu na stesheni mpaka saa za kurudi. Makuti ya sehemu yake hakuwa na cha kuyanunulia.

"Nilidhani nikikataa kama mtu mwenye haki," fundi alisema hatimaye, "haitajulikana kuwa nakataa kwa kukosa."

Kwa miezi mingi nilikuwa nikiiogopa siku ya kuitwa pembeni kana kwamba ni kitu kinachokuja kutoka mbali, kumbe kilikuwa kimehamia nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na mimi. Mke wangu ndiye aliyejibu. Alimwambia kwamba mikono yake si ya mkopo, na paa halijiezeki.

Tulikubaliana hivyo: fundi atoe kazi ya kuezeka badala ya makuti. Makuti yaliyoletwa yalitosha kipaa cha mbele na sehemu ya nyuma. Yaliyopungua ilinibidi niyanunue, pamoja na fito na kamba. Tulibishana mimi na mke wangu juu ya akiba. Nilitaka kusubiri mshahara ili nisiiguse. Yeye akaniuliza nyumba ya unyevu itatugharimu nini ikiwa mtoto atashikwa na kifua, na daktari tutamlipa kwa fedha ipi. Niliandika ombi posta nikaomba robo tu, nikangoja jibu huku mawingu yakijikusanya, na siku niliyolipokea nilitembea mpaka nyumbani mkono umezishika fedha mfukoni.

Fundi alifanya kazi nzuri. Alifunga kila kuti kana kwamba anakaza boliti za gari-moshi, na akiwa juu alianza kuuliza maswali, kwa sababu sasa kila mtu safu nzima alikuwa akifikiria mabaya yote yanayoweza kutokea.

"Na mnazi ukiangukia nyumba?"

"Tutie hilo katika mapatano," nilijibu kutoka chini.

"Na upepo ukiezua?"

"Tutie. Ila aliyeezeka vibaya mwenyewe ajijue."

"Na mume akikimbia?" aliuliza mama wa samaki.

"Huyo hatumletei makuti, mama. Tunakuletea pole."

"Bora makuti," alisema, na watu wakacheka sana.

Fundi alikuwa amefika kwenye mgongo wa paa. Alifunga fundo, akalikata kwa kisu, akauliza bila kututazama, "Na mtu akipunguzwa kazi?"

Nilimwambia ashuke kwanza. Aliposhuka tulikaa chini ya paa jipya tukalizungumza. Tulipanga kila nyumba yenye mtu kazini itoe kibaba cha unga kila juma kwa nyumba ambayo mtu wake amepunguzwa, mpaka apate kibarua. Tulikuwa bado tunabishana kama kibaba kijazwe mpaka juu au kisawazishwe, mvua ilipoanza. Ilipiga makuti kwa nguvu, na hakuna tone lililopita.

Mke wangu hakungoja mabishano yaishe. Aliingia chumbani, akafungua pipa la unga, akaanza kumpimia mke wa fundi. Nilimtazama akijaza kibaba, nikajizuia kumwambia asirundike. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi.