Taya Lililomezwa na Gurati

Shangazi yangu Darmi Halake hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alimzika mume na watoto wawili, macho makavu. Mimi nilimwona akilia mara moja tu, na aliyemlilia alikuwa ng'ombe. Wajukuu zangu wakisikia hivyo hucheka. Basi naandika, waache kucheka.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu kama sikosei, na mimi si mtu wa kukosea. Mvua ilikuwa imeturuka misimu miwili. Maji ya kunywa tulipata, mto Tana haukukauka, lakini ng'ombe hashibi maji. Shangazi alikuwa na ng'ombe arobaini, wakabaki kumi. Wale kumi walianza kutafuna mifupa ya wenzao. Ng'ombe akitafuna mifupa, kila Muorma anajua kuwa anataka chumvi. Akilamba udongo wa chumvi, hata vijiti vikavu atakula. Asipolamba, analala chini, na kwa ukame ule aliyelala hakuinuka.

Shimo letu la udongo wa chumvi lilikuwa kwenye korongo, mwendo wa asubuhi moja kutoka Garsen. Humo ndimo alimopiga hema mzungu mmoja mwembamba, mwenye karatasi yenye muhuri, akazungusha miti na kamba, akakataza mifugo isikanyage. Alikuwa anatafuta mifupa iliyogeuka mawe. Si mifupa ya tembo, la, ya vinyama vidogo vya kutosha kiganjani!

Shangazi alimwendea. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake. Mkalimani alikuwa Gershom, Mpokomo aliyesomea misheni, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata kule porini.

"Mwambie ng'ombe wangu wanakufa."

"Mama, anasema pole. Amepata nusu ya taya la mnyama kama pimbi. Akipata nusu ya pili yenye meno, atafunga hema siku hiyo hiyo aondoke. Asipoipata, atakaa hapa mpaka mvua."

"Pimbi? Pimbi anakaa kwenye majabali. Hapa jabali liko wapi?"

Gershom akauliza, akajibiwa kirefu. "Anasema zamani sana nchi hii haikuwa hivi. Meno kama haya yameonekana mbali magharibi, kwenye maziwa makubwa, na kaskazini jangwani. Huku kwetu hayajaonekana. Anataka kujua kama kweli wanyama hao walifika huku."

"Walifuata malisho," shangazi akasema. "Nini kiliwamaliza?"

"Anadhani ni ukame."

 Shangazi akanyoosha mkono, mzungu akaupokea, wakapatana: shangazi atachimba, taya likipatikana shimo linafunguliwa.

Alichimba siku tisa. Alipiga magoti, akasaga kila bonge kwa vidole, akapepeta kwa ungo kama mtu anayetafuta mchele kwenye mchanga. Katika siku hizo tisa ng'ombe watatu walilala. Jioni alikuwa akirudi kucha zinatoka damu, anakwenda kwanza zizini, anahesabu, halafu ndipo anakunywa maji.

Siku ya tisa akaliona. Jiwe la kahawia, dogo kuliko kokwa ya tende, na meno manne yamejipanga kama ya mtoto. Mzungu alikuwa amekwenda Garsen, kurudi ni kesho.

"Niachie mimi, mama," Gershom akasema. "Nitalifungia sandukuni."

"Nilimpa mkono yeye, sikukupa wewe. Nitamtilia kiganjani mwenyewe."

Akaondoka nalo. Na sisi kitu cha thamani tulikuwa tunakiweka kwenye mfuko wa chumvi ya mifugo, ule wa ngozi unaoning'inia kwenye ua wa zizi. Mfuko ule mtu haugusi. Hata mwizi wa ng'ombe haugusi, kwani kuiba chumvi ya mifugo ni kujilaani. Ndani yake kulikuwa na konzi mbili tu za udongo, alizokuwa amezificha kwa ajili ya siku mbaya kuliko zote. Akalizika taya humo lisivunjike.

Mtu haugusi. Gurati si mtu.

Gurati alikuwa ng'ombe wake wa mwisho mwenye maziwa, mweusi shingoni, mpole. Maziwa yale, kikombe kimoja kwa siku, nilikuwa nayanywa mimi. Alfajiri tuliukuta mfuko chini, umelambwa mpaka ngozi inang'aa, na Gurati ana udongo mwekundu puani. Tulipepeta zizi zima. Hakuna kitu.

Gershom alikuja akaangua kicheko, kisha akaona aibu. "Si nilikwambia? Haya, mfuate nyuma, mama. Siku mbili tatu litatoka na kinyesi."

"Umesoma vitabu, mwanangu, hujasoma tumbo la ng'ombe. Jiwe halitoki. Linakaa kwenye tumbo dogo lile lenye vyumba kama sega la nyuki. Nimetoa humo misumari na kengele ya mbuzi."

"Basi mwambie mzungu asubiri."

"Yeye anaweza kusubiri. Mnyama wake amekufa zamani."

Akasimama zizini muda mrefu. Sita walikuwa wamesimama kwa shida, na Gurati wa saba. Nikamwambia, "Shangazi, maziwa nitaacha, usimchinje."  Alimwita jirani, mzee Dukicha, aje na kisu. Alimshika Gurati kichwa mwenyewe, akamwimbia ule wimbo wa kukamulia mpaka akatulia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na hakuyafuta.

Taya lilikuwa pale pale aliposema. Meno yote manne.

Mzungu alilipokea, akaliweka kando ya lile lake, yakaungana.  Hakujua limetoka wapi, na shangazi hakumwambia. Alitimiza ahadi: kabla ya adhuhuri kamba zilikuwa zimekatwa. Tukawapeleka ng'ombe. Mmoja alianguka njiani, tukamwacha.

Wakati watano wanalamba, Gershom alikuja na daftari. "Mama, anaandika mahali lilipopatikana, na aliyelipata. Nimpe jina gani?"

"Andika Gurati."

"Ni jina la baba yako?"

"Andika tu."

Aliandika, nilimwona. Nyama shangazi aliwagawia majirani, yeye hakuonja. Mvua ilifika baada ya siku kumi na tisa, ikawakuta ng'ombe wawili.