Njia Isiyo na Blanketi

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo msiniletee ya mtaani. Yamesemwa mengi kuhusu Mukandutiye, mke wa Kadiri fundi cherehani: mara alirogwa, mara alimkimbia mumewe, mara wazungu walimharibu kichwa. Upuuzi mtupu. Mukandutiye alisikia baridi, akaamua kwenda mahali penye joto. Ni hayo tu, na hayo ndiyo yaliyowashinda watu kuelewa.

Alizaliwa Kanzenze, kule juu mashambani, ambako ukungu unashuka kutoka milima ya moto na kukaa mpaka jua liwe kali. Walikuwa wasichana wengi, blanketi moja, na yeye ndiye aliyekuwa mdogo, maana yake alilala pembeni. Anayelala pembeni hana blanketi, anasikia habari zake tu. Kadiri alipomwoa na kumleta hapa mjini Gisenyi, akaingia Uislamu, akapewa jina la Sakina ambalo hakuna aliyelitumia, na alipozaa tukamwita Mama Faradji, basi. Huku chini kando ya ziwa kuna joto kidogo kuliko kwao. Lakini baridi ya utotoni ilikuwa imeshamwingia mifupani, na haikutoka.

Kazi yake ilikuwa matundu ya vifungo. Kadiri alishona kwa mashine, yeye akamalizia kwa mkono, na hakuna shati la mtu wa maana hapa mjini ambalo matundu yake hayakupita vidoleni mwake. Asubuhi za mvua vidole hivyo vilikufa ganzi. Alivibana kwapani, akavipulizia, akavishikisha kikombe cha chai, akaendelea. Kila mwaka ilizidi. Siku moja, mwaka wa hamsini na sita, sindano ilimponyoka na hakujua kama imeanguka.

"Jirani, mukono unanikufia nikiuangalia," aliniambia. Akalia. Hakulia kwa huruma ya nafsi yake, alilia kwa hasira, huku akiufinya ule mkono kama mtu anayemwamsha mlevi. Kazi ile ndiyo iliyomfanya awe Mukandutiye. Bila vidole angekuwa mke wa fundi tu.

Ndipo akaja yule madame.

Alikuwa anakaa katika moja ya zile nyumba za wazungu kando ya maji. Mumewe alipata likizo ya kurudi Ulaya, na huko wangefika wakati wa theluji, kwa hiyo walitaka wakifika tu wapande meli kubwa ya matembezi, wazunguke visiwa vya joto. Madame alitaka magauni mepesi. Wakati Kadiri anampima kiuno, yeye alitandaza karatasi za picha juu ya meza ya kukatia nguo: meli nyeupe, minazi, watu wamejilaza nusu uchi. Njia moja ilipita visiwa vya karibu, nyingine ilivuka bahari yote, nyingine sijui ilikwenda wapi. Alizigeuzageuza mpaka Kadiri karibu azikate pamoja na kitambaa.

"Mi sijui nichague gani," akalalamika. "Hii iko na visiwa mingi. Hii iko na visiwa kidogo, lakini tunakaa kila mahali siku mingi."

"Kule unaenda kusalimia nani, madame?" Mukandutiye akauliza.

"Hakuna mutu."

"Iko kilio?"

"Non! Naenda juu ya hiver. Ulaya iko baridi, donc mi naenda kwenye joto. Ni ile tu."

Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta sketi ya kupunguzwa. Nilimwona Mukandutiye anaweka kazi yake mapajani. "Juu ya iveri," akasema taratibu, yaani kwa sababu ya majira ya baridi ya wazungu. "Ile tu." Kisha akamwambia madame aulize kwanza wapi watu wanalala bila blanketi, aende huko. Madame akacheka mpaka akashika meza. Mwishoni alichagua njia kwa sababu ya rangi ya bomba la meli.

Lakini Mukandutiye hakucheka. Jioni hiyo alitangaza, mbele ya mumewe na mbele yangu, kwamba na yeye ana iveri yake, anayo tangu Kanzenze, na masika yajayo hayatamkuta hapa. Atakwenda visiwani, Unguja, akae katika joto mpaka mvua kubwa ipite, mikono ipone. Nauli alikuwa nayo, jasho lake mwenyewe. Kadiri aliinua macho kutoka kwenye mashine, akayarudisha. Kadiri si mtu wa maneno, mdomo wake siku zote umejaa pini.

Habari zikaenea mtaa wetu wa Waswahili kabla ya alfajiri. Na kila mtu aliuliza swali moja tu: anakwenda kumsalimia nani? Maana kwetu mtu husafiri kwa biashara, kwa ndoa, kwa msiba, au kwa Hija. Hata mgonjwa hupelekwa kwa mtu fulani. Kusafiri ili uote joto? Ayii! Wanaume walisema pana mwanamume huko. Wanawake walisema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini na kwa maelezo zaidi.

Walipoona hatanii, wakabadili nia, wakaanza kumchagulia njia. Hapo ndipo nilipoona jinsi watu walivyo. Muhamadi, ndugu yake Kadiri, aliyekuwa na duka la nguo, alikuja na koti lake la Ijumaa na kueleza kwamba hakuna njia isipokuwa ya Uganda: lori mpaka Kampala, treni mpaka Mombasa, halafu meli. Tena kwa bahati tu, Kampala kulikuwa na Mhindi mwenye majora mazuri ya kitambaa.

"Mi si lori yako, shemeji," Mukandutiye akamjibu.

Wifi yake alitaka apite Bukavu, akamwangalie binti aliyeolewa huko anavyotendewa. Mzee mmoja alitaka apite Tabora, akamtafute rafiki wa utotoni ambaye hata jina la baba yake alikuwa amelisahau. Mwingine alimwonyesha kisiwa cha Ijwi kilichoonekana ziwani na kumwuliza, kama ni kisiwa, kile kina ubaya gani? Mimi mwenyewe nilimwomba karafuu na udi, lakini mimi sikumchagulia njia, nilimwambia alete kutoka popote.

Yeye aliwaacha waseme. Kisha akaenda stendi ya malori, akakaa na madereva na matanboi, wale wasaidizi wao, akawauliza swali lake moja. Hakuuliza umbali, wala hatari, wala nani wa kumpokea. Aliuliza: pale mutu analala na bulangeti?

Mbonigaba, dereva wa siku nyingi, alidhani anatukanwa. Alipoelewa akavunjika mbavu, kisha akafikiri, akajibu kwa heshima. "Njia ya Uganda, Mama Faradji, utapita Kabale. Kabale ni mbili, na koti juu."

"Na huku kwingine?"

"Bukavu, moja. Ukishuka Usumbura, ile bulangeti utaitupa. Kigoma watu wanalala barazani na kanga tu. Na pwani, wanaambia, hata kanga ni muzigo."

Mukandutiye alisimama, akakung'uta sketi. Njia imepatikana: meli ya ziwa kutoka bandari yetu ya Rubona mpaka Bukavu, gari mpaka Usumbura, meli nyingine mpaka Kigoma, treni mpaka Dar es Salaam, halafu Unguja. Muhamadi akaja juu, akaleta dini: mwanamke hasafiri peke yake. Alikuwa na haki, na Mukandutiye hakubishana naye. Alimwambia Kadiri twende wote. Kadiri akatikisa kichwa, ana nguo za harusi za kushona, tena maji yanamtapisha hata akiyaangalia. Basi akamwomba mzee Ndayisaba na mkewe, waliokuwa wanahamia Kigoma kwa mtoto wao, wamchukue. Kadiri akatoa idhini kwa kutikisa kichwa upande mwingine. Baada ya Kigoma, akasema Mukandutiye, yuko Mungu, na Mungu haogopi treni.

Ikabaki ruhusa ya serikali, maana enzi hizo hukutoka hapa bila karatasi. Karani aliitwa Sibomana, kijana mwenye miwani na subira fupi.

"Sababu ya safari?"

"Baridi."

"Baridi si sababu, mama. Niandike kilio? Watu wote wanaandika kilio. Bon, ni nani amekufa?"

"Hakuna."

"Mujomba hivi, shangazi hivi. Nani atajua?"

"Sitaua mutu juu ya kuota joto," akasema Mukandutiye.

Sibomana akafunga daftari. Siku iliyofuata alimkuta mlangoni, amekaa kwenye ngazi, anatoboa matundu ya vifungo kwenye shati. Na siku iliyofuata. Watu tulimshauri, tena tulimkasirikia: jamani, mfishe mjomba mmoja, uende zako! Nilimwambia hivyo mimi mwenyewe, kwa ukali. Akanijibu kwamba akisema ni msiba, kila atakayemwona njiani atampa pole, na yeye hataki pole, anataka joto. Akisema uongo hapa mlangoni, safari nzima itakuwa ya yule maiti, haitakuwa yake. Nilikwenda nikamletea chai pale kwenye ngazi.

Sibomana alichoka kabla yake. Aliingia chumba cha ndani kwa bwana mkubwa kueleza kwamba nje kuna mwanamke anayetaka kusafiri kwa ajili ya hiver. Tukasikia kicheko cha kizungu, kirefu, kikafuatwa na kikohozi. Kisha muhuri ukagonga. Sibomana alitoka na karatasi, akampa kwa mikono miwili kana kwamba ameipika yeye.

Siku ya kuondoka, mtaa mzima ulishuka Rubona. Hata waliomsengenya walikuja, tena ndio waliotangulia. Wavuvi waliacha nyavu zao wakatuangalia, wakidhani ni harusi. Kila mtu alimpenyezea agizo: salamu, kifurushi, jina la mtu. Alivirudisha vyote kimoja kimoja, kwa upole, bila kubakiza hata kimoja. Karafuu zangu nazo zilikataliwa. Nilikasirika kidogo, sitaficha, lakini nilimwelewa.

Kadiri alisimama nyuma ya wote, mgongo kwa maji kwa sababu ya ule ugonjwa wake wa kutapika. Wiki zote zile watu walipopiga kelele ndani ya nyumba yake hakuwa amesema neno. Wengine tulidhani hajali. Mtu wa meli alipoanza kuita abiria, Kadiri aligeuka, akaja mbele, akamshika mkewe kiwiko cha mkono, si kiganja, kana kwamba anampima nguo.

"Mama Faradji. Na ya kurudi?"

"Nini ya kurudi?"

"Njia. Watu wote wamesema ya kwenda. Ya kurudi utapita wapi?"

Niliangalia uso wa Mukandutiye. Mwanamke huyu alikuwa na jibu la Muhamadi, jibu la karani, jibu la mtaa mzima. Lakini njia ya kurudi hakuwa ameiuliza. Si kwamba hakutaka kurudi, naapa. Alikuwa ameivuta safari yake kutoka mikononi mwa watu wengi mno, mpaka akasahau kwamba ina upande wa pili, na upande huo kuna mtu amekaa anangoja. Na Kadiri alikuwa ameogopa wiki zote hizo, peke yake, kimya. Sote tuliokuwa pale tuliona, na tuliona haya.

"Sikuichagua, Baba Faradji," akasema. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka. "Walahi, sikuichagua." Kisha akavuta pumzi. "Unichagulie we."

Kadiri hajawahi kupita Ruhengeri, mji wa jirani tu. Njia za dunia hajui hata moja. Alifikiri mpaka mtu wa meli akaita tena kwa hasira.

"Ile fupi," akasema. "Hata ikiwa mubaya, ile fupi."

"Bon," akasema Mukandutiye, akapanda.