Siku Niliyopanda na Moshi wa Tanuri

Asubuhi ya mashindano nilifungua dirisha la nyumba yetu, huku Kimemi, mjini Butembo, nikaona wingu limelala juu ya mabati ya jirani. Kwa mama anayepeleka maharagwe sokoni, hilo si neno. Kwa mtu anayetaka kuruka na bawa la kitambaa lisilo na injini, ni habari mbaya. Jua lisipopiga, ardhi haipati joto, na ardhi isipopata joto hewa haipandi. Hapo unaruka kutoka kilimani, unateremka kama jani, unatua, basi, siku imekwisha.

Tulikuwa warukaji wanne tu. Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, fundi wa pikipiki, ndiye aliyejifunza kwanza, alipokuwa akifanya kazi Uganda, na ndiye aliyetufundisha sisi wengine. Wa pili alikuwa muuguzi. Wa tatu alikuwa motari, yaani dereva wa pikipiki za abiria, aliyetoka Mulekera kule Beni. Wa nne ni mimi, mwalimu wa jiografia, mwanamke pekee. Mabawa yetu yalikuwa mitumba, yalipita mpakani Kasindi juu ya lori la saruji, na mtu wa forodha aliuliza kama ni mahema.

Sharti lilikuwa moja: kila mtu aruke mara moja, na atakayetua mbali zaidi na kilima, kufuata bonde, ameshinda. Upande wa kambi ya jeshi hatukuruhusiwa. Tuliambiwa hivyo mara tatu katika bureau moja ya serikali. Mwamuzi alikuwa préfet, yaani mkuu wa shule yetu, mtu wa Kasai, mwenye shati jeupe na uso usiojua kucheka.

Saa tano tulikuwa juu ya kilima, kwenye malisho ya ng'ombe, majani bado yameloa. Muuguzi alichoka kungoja. Alikimbia, akaruka, na kabla hatujamaliza kumpigia makofi alikuwa amesimama chini kwenye malisho ya bondeni. Yaya yangu akafuata. Alizungukazunguka akitafuta hewa, hakuipata, akatua kwenye uwanja wa mpira mbele kidogo.

Nikabaki na motari.

"Mwalimu, tunangoja nini?"

"Jua."

"Jua iko Beni. Mi niliacha yeye kule asubuhi," akacheka.

Lakini macho yangu yalikuwa bondeni, kwenye tanuri la matofali. Tangu tulipofika, moshi wake ulikuwa ukilala chini na kutambaa juu ya migomba. Sasa wingu lilikuwa jepesi kidogo, weupe fulani ukapita juu ya bonde, na ule moshi ukasimama. Ulisimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake.

Motari aliuona wakati uleule. Yeye alikuwa tayari amejifunga, akakimbia, akaondoka. Mimi nilikagua kamba zangu mara mbili, nikainua bawa, nikakimbia. Hatua tano, sita, na ya saba haikukuta ardhi.

Mwanzoni nilishuka tu. Miti ya mikaratusi ilinijia haraka, na kifaa kifuani, kile kinacholia hewa ikipanda, kilikaa kimya. Nikajiambia: umekwisha, mwalimu. Ndipo harufu ya moshi ikanigonga puani, upande wa kushoto wa bawa ukainuka kidogo, na kifaa kikalia: pi. Pi. Pi-pi.

Nilipiga kelele peke yangu angani! Niligeuza bawa upande ule, nikaanza kuzunguka, polepole, kwa mzunguko mdogo, maana hewa ile ilikuwa dhaifu na nyembamba kama kamba ya kufungia mbuzi. Motari alikuwa juu yangu, akizunguka vilevile. Chini, watu wa matofali walikuwa wameacha kazi, wanarusha kofia. Tulipanda pamoja mpaka ubaridi wa wingu ukanigusa shingo.

Hapo motari akafanya kosa. Aliona kilima cha mbele, akakikimbilia. Mimi nilitamani kumfuata, mwili wote ulitaka, lakini kifaa changu bado kililia, kidogo, kidogo sana. Nikakaa. Sikupanda tena, lakini sikushuka, na upepo mdogo ulikuwa ukinisukuma bondeni bila haraka. Baada ya muda nilimwona motari chini yangu, anatua kando ya barabara. Alinipungia mkono kwa nguvu, kama anayenisukuma mbele: enda, enda!

Nikaenda. Mwewe mmoja alizunguka juu ya shamba jeusi lililolimwa karibuni. Nikamfuata, akanipa mita chache zaidi. Kisha hewa ikaisha kabisa. Nikachagua mahali pasipo na miti, nikavuta kamba za kupunguza mwendo, nikatua kwa magoti katikati ya maharagwe.

Mama mmoja alikuja na jembe begani.

"Weye uko mutu?"

"Niko mutu, mama. Niko mwalimu wa Butembo. Unisamehe maharagwe."

Alinitazama, akatazama bawa, akatazama mawingu.

"Ulitoka kule juu?"

"Ndiyo, mama."

"Donc basi, huko juu haukuona mbuzi yangu? Mweusi. Amepotea tangu asubuhi."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, naye akacheka, kisha akaniambia kwa ukali niinue ile mimea niliyolaza. Nilikuwa bado ninaifukia kwa mikono wakati préfet alipofika na pikipiki, motari akiendesha. Préfet alisoma kilomita kwenye pikipiki, akaandika, akasafisha koo.

"Mwalimu, wa kwanza. Motari, wa pili."

Motari akanikumbatia, matope na yote. "Ulikuwa na roho ya kungoja," aliniambia. "Mi hapana."

Mama akanikalisha kwenye tuta, akanipa kiazi kitamu cha moto kilichofungwa kwenye jani, nami nikakila chote na maganda yake. Halafu sote wanne, mimi, mama, motari, na préfet na shati lake jeupe, tukaingia kwenye migomba kutafuta mbuzi mweusi.