Aliyenileta Mlangoni

Katika mafundisho ya ubatizo pale Bwera mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote. Wenzangu walikuwa watoto wa shule ya msingi, na mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba zamani. Benchi zilikuwa za chini, magoti yakanipanda juu, ikabidi niketi upande. Siku ya kwanza msichana mmoja alinitazama sana, kisha akauliza, "Wewe iko mwalimu ao mwanafunzi?"

Nikamwambia mwanafunzi. Alisogea kunipa nafasi, halafu akawanong'oneza wenzake, na wote wakageuka kuniangalia.

Katekista alifundisha kwa Kikonzo, lugha ya wenyeji. Mimi nilizaliwa upande wa Kasese, kwenye nyumba za wafanyakazi wa saruji, kwa wazazi waliotoka Kenya, na pale kila mtu alizungumza Kiswahili na jirani yake. Kikonzo nilikijua cha sokoni tu, cha kusalimia na kukataa bei. Kwa hiyo katekista akimaliza jambo alinigeukia na kulirudia kwa Kiswahili, na darasa zima likasubiri. Alifanya hivyo kwa wema. Mimi nilitamani asirudie. Nyumbani nilikariri sala za Kikonzo nikiosha masufuria, bila kujua maana ya kila neno, na mama akinisikia alitoka nje.

Mama hakuwa mtu wa kanisa. Baba alikwenda kutafuta kazi kwingine nikiwa mdogo, hakurudi, ndipo mama akatuhamisha Bwera akaanza kuuza mitumba karibu na mpaka wa Kongo. Jumapili alikuwa anafua. Sikujua kwa nini, wala sikuuliza. Tuliweza kukaa siku nzima mle ndani bila mmoja kumuuliza mwenzake kitu.

Nilianza kwenda kanisani kwa sababu ya upweke. Imani ilikuja baadaye, polepole, na ilipokuja upweke haukuondoka. Niliimba nyuma kabisa, kwa sauti ya chini, na ibada ikiisha watu walisalimiana kwa vikundi uwanjani, huyu shangazi, yule binamu, mimi nikapita katikati yao nikiwa nimeshika kitabu changu cha nyimbo kana kwamba ninawahi mahali.

Pasaka ilipokaribia, katekista alitueleza utaratibu wao. Kila mmoja angekuwa na msimamizi, wa kumwekea mkono begani mbele ya kisima cha ubatizo. Lakini kabla ya hapo mzazi ndiye angemleta mpaka mlango wa kanisa na kumkabidhi.

"Mutu haokotwi barabarani," alisema, akijitahidi asinitazame. "Asiye na wa kumuleta atangoja mwaka mwingine."

Msimamizi nilimpata upesi. Alikuwa mama anayeuza maharagwe kwenye meza iliyo jirani na ya mama yangu. Wiki hiyo mama alikuwa amelala na malaria, nami nilikuwa nikiuza mezani pake badala yake. Nilizunguka asubuhi nzima na neno langu mdomoni kabla ya kulitoa.

"Nitasimama," alisema. "Ila mimi siwezi kusimama na mutu sijui nitamwita nini. Wewe ni wa ngapi kwa mama yako?"

Kwa Wakonzo jina la mtoto hufuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukiitwa tu, watu wanajua umetanguliwa na wangapi.

"Wa kwanza," nikasema. "Na wa mwisho. Niko peke yangu."

"Kumbe mama yako alichoka mapema," akacheka, kisha akaniita jina la msichana wa kwanza.

Wauza ndizi wakalishika. Watoto wa mafundisho nao wakalishika. Nilikuwa nikiitwa kutoka ng'ambo ya barabara, nikageuka kabla mtu hajamaliza kutamka. Jina langu la nyumbani watu wa Bwera waliliuliza mara mbili na bado wakalikosea. Hili hakuna aliyeliuliza.

Mama alipopata nafuu akarudi mezani. Alikuwa anakunja shati, jirani akaniita kwa jina lile nimletee chenji.

"Usimwite hivyo," mama akasema.

"Si ndilo jina lake, dada? Ameniambia ni wa kwanza."

"Hilo lina mwenyewe."

Muuza maharagwe akaweka chini kopo lake la kupimia. "Nani?"

"Dada yake," mama akasema, akaendelea kukunja lile shati. "Alikufa hajaanza kutambaa. Huyu hajui."

Mteja alikuja, akashika suruali, akaiacha. Kisha jirani akasema taratibu, "Pole, dada. Huku kwetu tunawahesabu wote." Akanigeukia na kuniita jina la msichana wa pili. Sikuitika. Sikufahamu kwamba anayeitwa ni mimi.

Jioni nikamuuliza mama kama hiyo ndiyo sababu haendi kanisani. Akanijibu akiwa amenipa mgongo, anachambua mchele.

"Kule tulikokuwa, kanisani walisema mtoto ambaye hajabatizwa azikwe na watu wa nyumbani tu. Baba yako akachimba, mimi nikampakata. Hapakuwa na wimbo hata mmoja. Ulipozaliwa wewe, sikutaka kwenda kuwaomba tena."

"Hawa ni watu wengine, mama."

"Mlango ni ule ule."

Nikamweleza habari ya mlango, na kwamba bila yeye ningengoja. Akasema nimwombe wa maharagwe anilete. Nikasema hairuhusiwi. Akaendelea kuchambua mchele, nami kubembeleza sijui. Nililala nikiwaza mambo mabaya. Niliona kama nimenyang'anywa nafasi yangu na mtu ambaye hayupo, halafu nikaona aibu, maana hiyo nafasi haikuwa yangu. Siku zilizofuata waliponiita sokoni kwa jina jipya niligeuka nimechelewa, na wengine waliacha kuniita.

Jumapili yenyewe niliamka mama ameshaloweka nguo kwenye beseni. Nikavaa gauni langu jeupe nikatoka peke yangu.

Mlangoni watoto walikuwa wamepangwa, kila mmoja ameshikwa mkono na baba au mama. Msimamizi wangu alikuwa ndani, na kitambaa kipya kichwani, akinipungia nisogee. Sikusogea. Niliwapisha watoto mmoja baada ya mwingine mpaka nikabaki wa mwisho, na katekista akanitazama, safari hii waziwazi.

"Nani anamuleta huyu?"

Mkono uliolowa ukashika mkono wangu. Ulinuka sabuni ya kufulia.

"Mimi," mama akasema. Alikuwa na kandambili na khanga ya nyumbani. "Ni mtoto wangu wa pili."

Katekista akaangalia zile kandambili, akasogea kando kutupisha. Mama akanisogeza mpaka kizingiti, akaniachia. Yeye hakuvuka. Nilipoinama kisimani na mkono wa yule muuza maharagwe begani, nilijaribu kutazama nyuma, lakini mlangoni palikuwa na jua kali, sikuona mtu.

Baadaye uwanja ulijaa watu wakikumbatia watoto wao. Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe pembeni, mbali nao. Nilipofika akainuka, akapitisha kiganja juu ya nywele zangu zilizolowa, kisha akakitazama kile kiganja.

"Maji yalikuwa baridi?"

"Baridi sana."

Akaitikia kwa kichwa. Hakukipangusa kiganja. Tukashuka njia ya nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.