Chumba Nilichomtafutia Dada Yangu Kawangware

Makosa ni yangu. Naanza na hilo kabla sijamtaja mtu mwingine, maana nikianza na yeye nitamtukana mpaka karatasi iishe, na nyinyi mnaosoma mtadhani nimekuja kushtaki. Sikuja kushtaki. Nimekuja kusema nilichomfanyia dada yangu wa tumbo moja, aliyeniuliza swali moja tu: akija Nairobi, akae wapi?

Mimi ni fundi wa mawe. Shule niliachia darasa la tatu. Nilitoka kwetu Magharibi mara tu baada ya Uhuru na shati moja, nikabeba zege, nikajifunza kushika timazi kwa kuwaangalia wengine, na leo ukitembea kutoka Kibera upite Ayany mpaka Riruta huwezi kukosa ukuta niliousimamisha. Ukuta wangu haujawahi kupasuka. Nawaambia hivi ili mjue aliyetukanwa ni mtu wa namna gani.

Aliyenitukana ni mkwe wetu. Nitamwita Enos, si jina lake. Alimwoa Rebeka, binti pekee wa dada yangu. Alipokuja mjini hakujua hata kuchanganya saruji! Mimi ndiye niliyempokea kwangu Kibera, upande wa Lindi. Alikula sufuria moja na watoto wangu, nikamfundisha kazi jiwe kwa jiwe. Alikuwa amefika sekondari, na Kiingereza kilikuwa kinamwasha mdomoni kama pilipili.

Sasa kukawa na mzee mmoja wa Kawangware, mwenye ardhi ya baba yake, alitaka kujengewa ploti. Safu mbili za vyumba zinazoangaliana, uwanja katikati. Aliniita mimi. Akaleta ramani, akanipa mbele ya vibarua wote, akaniuliza ninaionaje.

Nikaishika. Nikaitazama kama mtu anayejua anachotazama. Nikatikisa kichwa, nikasema hii ni kazi nzuri.

Enos alikuwa nyuma yangu. Angeninong'oneza. Hilo tu! Mtu aliyekula kwangu angenigusa bega akaninong'oneza, na mimi ningemheshimu mpaka kaburini. Badala yake alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mjomba, igeuze. Umesimamisha nyumba kwa paa."

Vibarua walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mchanga. Mwenye ploti akacheka akishikilia toroli. Na kazi hiyo akapewa Enos, papo hapo, mimi nimeshika ramani bado. Ilipokwisha akapewa na chumba mle mle cha kukaa na Rebeka na watoto, awe mwangalizi wa ploti. Mimi nikapewa jina. Paa Chini. Nilikuwa nikipita Kawangware nasikia vijana wakiniita kutoka kwenye vibanda: "Paa Chini, niaje?"

Nililimeza. Lakini halikushuka. Lilikaa hapa kooni kama mfupa wa samaki, nikila liko, nikiomba kanisani liko.

Krismasi ikanikuta nyumbani. Dada yangu alikuwa amefiwa na mume, na shemeji zake walikuwa wanausogeza mpaka wa shamba kila msimu hadi lile la maharagwe likawa limebaki kipande cha kufukuzia kuku. Alinikalisha jikoni kwake, yeye anachambua mrenda, akaniambia amewaza sana. Wanawake wenzake wa kanisa wako Nairobi wanauza mboga za kwetu, kunde, saga, mrenda, na wanaishi. Lakini aliogopa. Kaburi la mume wake liko pale nje ya dirisha. Mji haujui. Wengine wanamwambia Kibera, wengine Kawangware. Mimi ndiye niliyekuwa na macho ya mji, niseme neno, atalifuata.

Jibu la haki nililijua kama ninavyojua mkono wangu. Kibera! Pale Lindi, karibu na mke wangu. Wanawake wa lokesheni yetu ya nyumbani walikuwa wanauza pamoja kando ya reli, mmoja akiugua wenzake wanamkalia kibanda. Angefika Jumamosi, Jumapili angekuwa kanisani anaimba na watu anaowajua.

Lakini wakati anaongea, mimi nilikuwa naiona ile ploti ya Kawangware. Naona uwanja, bafu moja la mabati, choo kimoja cha wapangaji wa uwanjani, mfereji mmoja wa maji. Na mlango wa Enos.

Kwa asiyejua: kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na kuoga bafu moja ni jambo ambalo hata mlevi halisemi. Ndiyo maana dada alikuwa hajawahi kukanyaga kwa Rebeka mjini. Chumba ni kimoja, kitanda kiko hapo hapo, mama mkwe ataketi wapi? Alijua tu kwamba wako Kawangware. Ploti gani, hakujua.

Na yeye mwenyewe aligusia hilo. Alisema anatamani kuwa karibu na binti yake, ila kwa kipimo. Maneno yake ninayo mpaka leo:

"Nataka Rebeka aweze kuja kwangu na kurudi kabla ugali wa mume wake haujapoa. Lakini nisimsikie huyo bwana akikohoa."

Nikamjibu bila kupepesa macho. "Kawangware ni kubwa, dada. Kuna bonde katikati."

Nikaendelea. Nikaisema Kibera vibaya, mimi niliyelelewa na Kibera! Nikasema matope, nikasema moshi wa treni, nikasema watu wanahamahama. Nikasema Kawangware kuna mashamba madogo bado, mtu anaweza kupanda kunde zake nyuma ya nyumba. Mama wa watu akaanza kutabasamu. Kabla sijaondoka akawa ameamua kuhama.

Niliporudi nikaenda kwa mwenye ploti siku ambayo Enos hayuko. Vyumba viwili vilikuwa wazi. Kimoja kiko nyuma, kina mlango wake wa uani na choo chake. Mzee akasema hicho ndicho kinafaa mama wa makamo. Cha pili kiko mbele, kinaangaliana na cha Enos, mlango kwa mlango. Nikasema hiki cha mbele. Akashangaa kidogo. Nikamwambia mama anapenda jua la asubuhi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: Enos atamkuta mama mkwe mlangoni, hatakuwa na la kufanya ila kuhama. Ataacha uangalizi, ataacha ploti, ataondoka na mkokoteni huku Kawangware nzima ikimtazama. Na mimi sitakuwa nimemgusa hata unywele.

Na ningeweza kuishia hapo. Lakini kisasi ni kama pombe ya busaa, hakuna anayeacha kwenye bakuli la kwanza. Nilijua Enos Jumamosi anafunga kazi mchana, anakuja kuoga, na vibarua wake wanamngoja uwanjani watoke pamoja. Vibarua wale wale. Dada alipofika mjini, nikampeleka Jumamosi saa hiyo hiyo.

Tuliingia getini. Yeye amebeba mfuko wa maharagwe kichwani na kuku mwekundu kwapani, zawadi ya jirani mpya, yeyote atakayekuwa. Vibarua wamekaa kwenye matofali. Ndani ya bafu kuna mtu anapiga mluzi.

Mlango wa bafu ukafunguka. Enos akatoka na taulo kiunoni, sabuni masikioni. Akainua macho akamwona mama mkwe wake katikati ya uwanja.

Aligeuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Na taulo likanasa kwenye msumari wa ule mlango, msumari ambao fundi mwenye akili angeukunja siku aliyoupiga! Yeye akaingia ndani, taulo likabaki nje.

Vibarua waliona. Wote tuliona. Na mimi maneno nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyanoa tangu ile siku ya ramani:

"Geuka, Enos. Leo wewe ndiye umesimama paa chini."

Walicheka kuliko walivyonicheka mimi. Nasema kweli mbele za Mungu, ule mfupa ulishuka. Nilivuta pumzi mpaka tumboni. Sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo, na anayesema kisasi si kitamu hajawahi kukipata kikiwa moto.

Halafu nikamtazama dada yangu.

Alikuwa amesimama ameupa uwanja mgongo, uso umegusa mabati ya ukuta, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka kidevuni. Mfuko umeanguka, maharagwe yametapakaa. Kuku bado yuko kwapani, analia.

Ole wangu! Hilo sikuwa nimelipima. Mimi niliona mwanamume akiaibika, nikasahau aibu ile ina watu wawili. Mama aliyemwona mkwe wake utupu amebeba jambo zito kuliko la mkwe mwenyewe. Na si hilo tu, ilikuwa mbele ya vibarua wanaocheka.

Rebeka akatoka na mtoto mgongoni. Akamwona mama yake ukutani. Akaliona taulo kwenye msumari. Akasimama hapo katikati, hajui aende kwa nani. Mwishowe akachukua taulo akampelekea mume wake. Simlaumu. Lakini dada alisikia nyayo zake zikienda upande ule, na hakugeuka.

Kwetu jambo la namna hii lina dawa yake. Wazee wanakaa, mkwe analeta kitu chake, mama mkwe analeta chake, wanabadilishana, aibu inafunikwa. Lakini dawa inataka wote wawili wakubali. Enos alikataa kusikia. Kabla ya Jumatatu alikuwa amepakia kila kitu kwenye mkokoteni, akaondoka na mke na watoto, na hakuaga. Wengine wanasema yuko Kitale, wengine Webuye. Rebeka hajawahi kumwandikia mama yake hata mstari mmoja, na wale wajukuu wanakua bila kujua kwamba wana nyanya.

Yaani nilitaka kumhamisha mtu mmoja kutoka ploti moja. Nikamhamisha binti wa dada yangu kutoka maishani mwake.

Dada alibaki kwenye kile chumba, akitazama mlango uliofungwa ng'ambo ya uwanja. Nilikuwa nikienda kumwona, ananipa chai, ananipa pole kana kwamba mimi pia nimefiwa. Nilikuwa nimemwambia nilidhani Enos alishahama ploti ile, kwamba chumba alikichagua mzee, na yale maneno yalinitoka tu kwa mshtuko. Aliamini ni bahati mbaya! Na mimi nilikunywa ile chai.

Aliyenifichua hakujua anafichua. Mwenye ploti alipita siku moja akamkuta dada amehamisha kiti kivulini, akamtania: "Mama, si ndugu yako alisema unapenda jua ya asubuhi? Mimi nilimwambia ile nyumba ya nyuma ni mzuri, iko na choo yake, akakataa kabisa. Akataka hii ya kuangalia kwa Enos."

Dada alikuja Lindi kwa miguu kutoka Kawangware. Mke wangu akamkaribisha ndani, hakuingia. Akasimama nje penye jiwe la kufulia. Sikumwona akilia. Aliniuliza:

"Mwana wa mama, ulikuwa unanitafutia nyumba, au ulikuwa unatafuta fimbo?"

Nikamwambia nitamtafutia chumba kingine, kizuri, hapo hapo karibu na sisi. Akasema, "Umeshanitafutia," akaondoka.

Alijitafutia mwenyewe, Riruta Satellite. Anauza mboga nje ya duka moja dogo, na wateja wanasema mrenda wake hauna mchanga. Mji ambao alikuwa anauogopa ameushinda bila macho yangu.

Na Enos? Kama unasoma haya, sijakusamehe. Nasema wazi, maana ungamo la uongo ni dhambi ya pili. Ungeninong'oneza siku ile, sote tungekuwa tunakula Krismasi pamoja. Nikikukuta Kitale au Webuye nitakuambia hivyo usoni. Lakini fimbo niliyokuchapia ilikuwa mgongo wa dada yangu, na wewe umepona, yeye hajapona. Nasikia umejenga. Natumaini misumari umeikunja.

Nyinyi wengine nisikilizeni, hasa nyinyi wazee wenzangu ambao watu wa nyumbani wanawategemea kuwaonyesha mji. Mtu akikuuliza akakae wapi, usifungue mdomo kabla hujajiuliza una ugomvi na nani huko unakotaka kumpeleka. Kama unao, mwambie hujui, aulize mwingine. Na wewe unayetaka kuhama, usimuulize mwenyeji wako tu kuhusu maji na usalama. Muulize ana kesi na nani. Akichelewa kujibu, tafuta mtaa mwingine.

Nina kazi ya ukuta Satellite mwezi huu. Njia ni moja, lazima nipite pale anapouzia. Mara ya kwanza nilisimama mbali nikamsalimu, "Mulembe, dada." Aliniona. Akainuka, akakivuta kitambaa usoni, akatoka njiani akaingia kwenye majani kando ya mtaro, akasimama huko amenipa mgongo mpaka nikapita.

Ndivyo mwanamke wa kwetu anavyompisha mkwe.